Nilipima Uvungu wa Kitanda

Nakumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi katika zile ghorofa za Soweto East, pale Kibera, nyaya mkononi na bisibisi mdomoni, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa nikaisoma hapo hapo juu. Ulikuwa ujumbe wa mke wangu, Mama Neema. Alikuwa ameandika: "Nimechukua ka-baiskeli kako. Napeleka sweta Kawangware. Usijali, nitakarudisha." Kulikuwa na mtandao mbaya ndani ya jengo lile, na ujumbe ulikuwa umetumwa karibu nusu saa nyuma. Bisibisi iliniponyoka, ikaanguka sakafuni, na mwenye duka niliyekuwa nikimfungia taa akaniuliza kama nimepigwa na stima.

Sikuwa nimepigwa na stima. Nilikuwa nimekumbuka kitu kuhusu baiskeli ile ambacho mimi peke yangu nilikijua. Na kwa kuwa siku hizi haipiti wiki bila kijana kuingia kwenye karakana yangu kuniuliza anunue baiskeli ya kukunja ya saizi gani kwa pesa kidogo alizo nazo, nimeonelea nikieleze kitu hicho chote, pamoja na aibu yake.

Kwanza ujue anayekuambia ni nani. Nilitoka Bungoma na sanduku la mbao, nikalala sakafuni kwa binamu yangu huko Kianda, mtaa wa Kibera, nikajilipia diploma ya umeme kwa kubeba mawe mchana na kusoma jioni. Diploma hiyo ilinivusha hadi nchi za Ghuba, Uarabuni, nikafanya kazi huko miaka sita, na nilirudi nikiwa na ujuzi ambao mafundi wengi wa mtaa huu hawajauona hata leo. Cheti changu kimetundikwa ukutani na kioo chake nakipangusa mwenyewe. Nina karakana Kawangware na ploti ya vyumba kumi na viwili, na hakuna mjomba wala mwanasiasa aliyeninunulia hata msumari mmoja wa ploti hiyo. Nayasema haya ili ujue kwamba kosa ninalokusimulia halikufanywa na mjinga. Lilifanywa na mtu mwenye cheti, na ndiyo maana lilikuwa la hatari zaidi. Mjinga angeuliza.

Miezi michache kabla ya kurudi nyumbani niliamua kwamba sitakuwa mtu wa kulipa nauli kila siku. Nitatembelea wateja wangu kwa baiskeli, Kibera mpaka Kawangware, na Krismasi ikifika nitaitia kwenye buti la basi twende nayo Bungoma, nishuke stendi nipande mpaka kwa mama. Lakini unajua vyumba vya Kianda. Chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi, ndani yake kitanda, meza, jiko, cherehani ya Mama Neema na pazia katikati. Baiskeli ikilala nje, asubuhi unakuta mnyororo na kufuli tu, na kufuli bado limefungwa. Kwa hiyo lazima iwe ya kukunja, na mahali pa pekee pa kuiweka ni chini ya kitanda.

Nikampigia Mama Neema simu nikamwambia apime uvungu wa kitanda kwa ile tepu yake ya kushonea. Yeye ni fundi wa nguo, na wakati ule alikuwa anashona sweta za shule. Akapima, akanisomea urefu, upana na kimo. Kisha akaniuliza, "Na wewe, nani amekupima?"

Nikacheka. Nikamwambia baiskeli si suruali.

"Mimi mtu akitaka suruali," akasema, "sipimi kabati yake."

Nikamwambia hilo ni jambo la kiufundi, aniachie. Kesho yake, huko huko Ghuba, nikaingia kwenye duka la vitu vilivyotumika, tepu mkononi kama injinia. Kulikuwa na baiskeli mbili za kukunja zimesimama pamoja. Moja ilikuwa na magurudumu ya namba ishirini, yaani inchi ishirini, rangi imechunika kidogo, bomba la kiti refu na nene. Nikaikunja, nikaipima, ikazidi ule uvungu kwa vidole vinne. Ya pili ilikuwa ya namba kumi na sita, nyekundu, inang'aa, ikikunjwa inakuwa kama begi la shule. Bei yao haikupishana sana, na ile kubwa hata ilikuwa nafuu. Nilichukua ndogo, kwa sababu ya vidole vinne.

Mimi ni mtu mrefu, mwanangu. Futi sita na kidogo, na wali wa Ghuba ulikuwa umeniongeza mwili. Kwenye fremu ya baiskeli ile palibandikwa karatasi inayosema mwisho wa uzito inayoweza kubeba. Niliisoma. Nikajua kwamba nimeupita hata kabla sijabeba sanduku langu la vifaa. Nikajiambia viwanda huandika vile ili wasishtakiwe, nikaibandua kwa ukucha.

Kianda walinipokea kwa vicheko. Vijana wa kona waliniita Dubai, ingawa sikufika hata Dubai. "Niaje Dubai, hiyo toi umenyang'anya mtoto wa nani?" Na mama mmoja aliyeuza mandazi karibu na lango letu aliniambia kila asubuhi, bila kuinua macho kwenye karai lake, "Baba Neema, chunga magoti yasikutoboe macho." Niliwajibu kwamba wao hawajasafiri. Lakini magoti kweli yalikuwa yanafika kifuani, na mapaja yalikuwa yakiwaka moto kabla sijafika kituo cha Olympic.

Basi nikainua kiti. Kwenye bomba la kiti huwa kuna alama iliyochongwa, mstari mdogo, unaoonyesha kwamba hapa ndipo mwisho, bomba lisitoke zaidi ya hapa. Nililivuta likapita alama ile kwa upana wa kiganja. Miguu ikanyooka. Nikajipongeza.

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na ilianza polepole, kiasi kwamba sikuijua jina. Nikiwa nimekaa juu vile, uzito wangu wote ulikuwa nyuma na juu, na gurudumu la mbele lilikuwa jepesi mkononi kama la kitoto. Kila shimo la Kibera Drive ambalo baiskeli ya kawaida ingelipita ikiruka kidogo, hii yangu ilitaka kuingia na kukaa humo. Kisha ukaja mlio. Ulikuwa mdogo tu, kri, kutoka katikati ya fremu pale penye bawaba inapokunjikia, kila nikikanyaga pedali kwa nguvu. Nikapaka mafuta. Kri. Nikakaza komeo. Kri. Siku moja nikaigeuza juu chini, nikaipangusa vumbi, nikaona kando ya bawaba, pale chuma kilipochomelewa, ufa mwembamba kama unywele.

Niliutazama ufa ule muda mrefu. Ningeweza kumwita Mama Neema nikamwonyesha. Lakini ningemwonyesha pia ile tepu ya kupimia, na lile swali lake, na vicheko vya vijana, na ile karatasi niliyoibandua. Nikafungua sanduku langu la kazi, nikatoa tepu nyeusi ya umeme, ile tunayofungia nyaya, nikauzungushia ufa ule mara sita mpaka usionekane. Nilifunga kwa ustadi. Mama Neema aliponiuliza ni nini, nikamwambia ni ya kuzuia vumbi lisiingie kwenye bawaba. Na kuanzia wiki ile nikawa natembea kwa miguu kwenda kazini. Nikamwambia wateja wangu wa siku hizi wako karibu.

Hicho ndicho nilichokikumbuka nikiwa juu ya ngazi. Sweta zilikuwa za shule moja ya Kawangware iliyokuwa inafungua wiki ile, na mzigo wenyewe nilikuwa nimeuona jana yake usiku umejaa gunia. Alikuwa ameufunga nyuma ya kiti na kuondoka nao juu ya ufa niliouvalisha tepu.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena nikikimbia ngazi kushuka. Ikaita. Nje nikasimamisha bodaboda, nikamwambia tufuate njia ya Kawangware, lakini aende polepole ili nione pande zote za barabara. Alinitazama kwa kioo chake. "Boss, umeangusha kitu?" Nikamwambia ndiyo.

Sijawahi kuiona barabara kama nilivyoiona siku ile. Niliona kila shimo. Niliona kila mtaro usiofunikwa, kila jiwe lililotupwa, kila lori lililopita karibu na ukingo. Nilikuwa nikihesabu mahali ambapo baiskeli ya gurudumu dogo ingekwama, na kila mahali nilipopahesabu niliangalia chini kutafuta kitu chekundu.

Tulipopita Dagoretti Corner na kuingia Naivasha Road niliona umati kando ya barabara. Watu wamesimama duara, wengine wananyoosha shingo, wanatazama kitu kilicho chini. Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Nilisukuma watu, mama mmoja akanitukana kwa Kikuyu, nikafika katikati. Alikuwa mtu anauza dawa ya panya, amepanga panya waliokufa juu ya gazeti. Nilisimama pale nikiwatazama wale panya, na nilicheka, mwanangu, kicheko ambacho sikukipenda, kwa sababu ndani yake hakukuwa na furaha yoyote. Kisha nikarudi kwenye boda.

Mbele kidogo, kabla ya barabara kuteremka kuelekea Kawangware, niliona sweta. Sweta za kijani, zimelala chini kando ya barabara.

Nilishuka. Sweta zilikuwa zimetandazwa juu ya gunia lao, na karibu nazo baiskeli nyekundu imegeuzwa magurudumu juu, mbele ya kibanda cha mabati cha fundi wa baiskeli. Mke wangu hakuwepo. Nikatoa simu nikapiga tena, na simu ikalia ndani ya zile sweta.

Kwenye stuli ya kibanda alikuwa ameketi mzee mmoja, kofia ya sufu kichwani, mikono myeusi kwa grisi. Mtaa mzima ulimwita Guka, yaani babu, na nilikuwa nimempita mara nyingi bila kumsalimia, kwa kuwa nilijua kwamba hawezi kunifundisha kitu. Nikamuuliza mwenye baiskeli hii yuko wapi. Alikuwa ameshika kipande cha tepu nyeusi kilichobanduliwa, anakizungusha kidoleni.

"Wewe ndio ulifunga hii?" akaniuliza.

Nikamwambia namtafuta mke wangu.

"Nimesikia. Nakuuliza, wewe ndio ulifunga?"

Simu ilikuwa bado inalia kwenye sweta, kwa maana nilikuwa nimesahau kuikata. Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

"Ulijua kuna ufa?"

"Nilijua."

"Na yeye ulimwambia?"

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, na yule kijana wa boda aliyekuwa akisubiri malipo yake akageuka akatazama upande mwingine. Hakuna aliyeniweka kizimbani, lakini sijawahi kusimama kizimbani kama pale.

"Ako sawa," Guka akasema. "Amebeba nusu kwa kichwa, amepeleka shule. Anarudia hizi."

Nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kazi. Guka akanieleza bila kuinua sauti kwamba alikuwa ameketi hapo akausikia ule mlio ukija barabarani, na amekaa na baiskeli tangu kabla sijazaliwa, hivyo alijua ni mlio wa nini. Mbele kulikuwa na ule mteremko. Alisimama katikati ya njia akainua mkono, akamwambia, "Mami, shuka." Naye akashuka, kwa sababu mzee amesema. Alimbandulia tepu akamwonyesha, akamwambia aache baiskeli na mzigo mzito.

Kisha Guka akainuka. Akaigeuza baiskeli yangu ikasimama kwa magurudumu, akaniambia nitazame vizuri. Akaweka mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, akabonyeza kwa goti lake juu ya bawaba. Yule ni mzee mwembamba, hana uzito wa kutisha. Chuma kikatoa sauti kama mkate mkavu ukivunjwa, na baiskeli ikajikunja upande ambao haikuumbwa kujikunjia. Akaiacha ianguke.

"Hii iliundiwa mtu mfupi wa kwenda dukani," akasema. "Mbona ulinunua hii?"

Nikamwambia habari ya uvungu wa kitanda.

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Kitanda unaweza kuinua na matofali," akasema. "Mguu utakata?"

Wakati huo Mama Neema akatokea akipanda kutoka chini, kitambaa cha kubebea mzigo bado kichwani. Akaniona vumbini, akaiona baiskeli iliyovunjika, akaiona tepu kwenye kidole cha Guka. Nilitaka kuanza kueleza. Nilikuwa na maneno, sikosi maneno. Lakini yeye akawahi kusema, polepole, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unatembea."

Hakusema jingine kuhusu jambo hilo, siku ile wala baadaye, na ningependa angesema. Alichofanya ni kuvua tepu yake ya kushonea shingoni na kuniambia nisimame wima. Nikasimama. Mbele ya Guka na kijana wa boda na wapita njia, akanipima mguu kwa ndani, kutoka juu mpaka kwenye kisigino, kama anavyompima mteja wa suruali. "Inchi thelathini na nne na nusu," akasema. "Guka, andika." Na Guka akaandika kwa chaki kwenye bati la kibanda chake.

Alinitafutia fremu ya mtumba ya namba ishirini, mbaya kwa sura, bomba la kiti refu la kutosha. Jioni ile ile nilibeba matofali manane nikayaweka mawili mawili chini ya miguu ya kitanda. Baiskeli hiyo niliipanda miaka kumi na mmoja, na Krismasi zote ilienda Bungoma kwenye buti la basi. Leo tunaishi kwenye nyumba ya mawe yenye nafasi tele, lakini kitanda bado kimesimama juu ya matofali. Mama Neema amekataa yatolewe, nami siulizi kwa nini.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikupe kile ambacho diploma yangu haikunipa. Usiende dukani na kipimo cha mahali pa kuificha baiskeli. Nenda na kipimo chako. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja kama unakikalia, mtu akupimie kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Ukifika dukani, kalia baiskeli, inua kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini. Kisha tazama bomba. Ukiona ile alama ya mwisho iko nje, iache baiskeli hiyo hapo hapo, hata kama ni zawadi. Soma karatasi ya uzito, ujumlishe na mzigo wako, usijidanganye kuhusu tumbo lako.

Gurudumu la kumi na sita ni la mtu mdogo wa mwili, wa njia fupi iliyonyooka, anayepanda ngazi nyingi akiwa ameibeba. Kwa mashimo yetu haya ya Kibera na Kawangware, na mtu wa kimo cha kawaida au zaidi, chukua ishirini. Tyubu zake ni zile zile za baiskeli za watoto, utazipata kwa kila fundi kuanzia hapa mpaka Busia, na kwa mwenye pesa kidogo hilo ni jambo kubwa kuliko rangi. Ile ya ishirini na nne ni nzuri kuipanda, lakini ikikunjwa bado ni mzigo, na makondakta wa mabasi ya usiku watakudai nauli yake. Kabla hujalipa, ikunje mwenyewe, uibebe hatua mia moja, uifungue. Shika bawaba, itikise, sikiliza. Kama pesa hazitoshi kununua mpya, chukua iliyochunika rangi lakini chuma chake ni kizima. Rangi haijawahi kumwangusha mtu.

Na siku utakapoona ufa, maana chuma ni chuma, usiufunike. Mwite mtu wa nyumbani mwako umwonyeshe, hata kama alikuwa amekuambia. Hasa kama alikuwa amekuambia. Aibu yake ni ya jioni moja. Mimi nimekula chakula kingi kizuri tangu siku ile, nimejenga, nimesomesha, lakini hata leo simu ikiita bila kupokelewa, nasikia inalia ndani ya sweta.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe chuma kizima na breki zinazoshika. Na pale utakapokuwa umekosea na hutaki kusema, akuwekee mzee mmoja katikati ya njia, kabla ya mteremko, wa kukuinulia mkono akuambie shuka. Nawe ushuke.